Ahadi Si Deni Tu: Ziwa Kivu, Uchaguzi na Swali la Amana

Miongoni mwa maswali ambayo falsafa ya siasa na elimu ya dini huyakuta katika njia moja, liko hili: mtu anayeomba kura kwa kuahidi jambo kuhusu msitu, ziwa, mto au umeme, anamwahidi nani, na kwa haki gani? Swali hilo huonekana jepesi pale ahadi inapohusu mishahara ya walimu au bei ya unga, kwa kuwa anayeahidiwa yupo, anasikia, na baada ya miaka 5 anaweza kumnyima kura aliyemhadaa. Linakuwa zito pale kinachoahidiwa hakikutengenezwa na mgombea wala na mpiga kura, kilikuwapo kabla yao wote wawili, na kitahitajiwa na watu ambao bado hawajazaliwa. Insha hii inalichunguza swali hilo ikiwa imesimama Bweremana, kwenye ufuko wa Ziwa Kivu, mahali ambapo swali lenyewe haliwezi kubaki la nadharia.

Bweremana iko katika teritware ya Masisi (teritware ni jina linalotumika Kongo kwa wilaya), ndani ya utawala wa kimila wa Bahunde, kando ya barabara ya taifa inayotoka Goma kupitia Sake kwenda Minova na Bukavu. Upande mmoja vilima vya Masisi hupanda kwa ghafla, na upande wa pili ni maji ambayo usiku wa uvuvi hujaa taa za wavuvi wa sambaza, samaki wadogo walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na ambao leo ni kitoweo cha kawaida cha watu wa ufukoni. Chini ya taa hizo, katika vilindi vinavyofika meta 480 na zaidi, ziwa limehifadhi takriban kilomita za ujazo 300 za hewa ya ukaa, ambayo ni gesi nzito isiyowaka, na kama kilomita za ujazo 60 za methani, ambayo ni gesi inayowaka na inayoweza kuzalisha umeme. Gesi hizo hubaki chini kwa sababu maji ya vilindini yana chumvi nyingi na uzito mkubwa kuliko maji ya juu, hivyo kwamba tabaka moja limelala juu ya jingine kama kifuniko juu ya chungu. Jirani na Bweremana, kuelekea Sake, iko Ghuba ya Kabuno, iliyotengwa na ziwa kuu na ukingo ulio meta 10 hivi chini ya uso wa maji, na humo maji yaliyojaa hewa ya ukaa huanzia kwenye kina cha meta 12 tu.

Watu wa eneo hilo hawakuhitaji maabara ili kuijua hatari hiyo. Wana neno lao, mazuku, linalotaja mabonde madogo kati ya Sake na Goma ambamo hewa ya ukaa inayopenya kutoka ardhini hutuama kwa uzito wake, na ambamo mbuzi anayeinamisha kichwa kula majani, au mtoto anayeinama kuokota kitu, huanguka akafa bila kuona moshi wala kusikia harufu. Kile ambacho mazuku hufanya katika bonde dogo, Ziwa Nyos la Kameruni lilikifanya tarehe 21 Agosti 1986 katika eneo zima lililolizunguka, gesi ilipofumuka kutoka vilindini na kuua watu zaidi ya 1,700 katika usiku mmoja, ilhali Nyos ni ziwa dogo mno likilinganishwa na Kivu. Sera ya nishati kuhusu ziwa hili, kwa hiyo, ni uamuzi juu ya pumzi za watu waliolala kandokando yake, mbali na kuwa suala la megawati na mapato ya hazina.

Hapo ndipo uchaguzi unapoingia. Tarehe 20 Desemba 2023 raia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo waliitwa kumchagua rais, wabunge wa taifa, wabunge wa majimbo na madiwani, lakini katika Masisi, kama ilivyokuwa Rutshuru na pia Kwamouth iliyo magharibi ya nchi, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, CENI, haikuweza kuandikisha wapiga kura kwa sababu ya vita, na uchaguzi haukufanyika. Miezi 7 kabla ya siku hiyo, tarehe 4 Mei 2023, mvua kubwa iliporomosha matope na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi katika teritware ya Kalehe, kusini ya Minova kando ya ziwa hilohilo, ikiikuta Nyamukubi katika siku yake ya soko, na kuua watu zaidi ya 400 ambao miili yao ilipatikana, mbali na wengi ambao hawakuonekana tena. Mvua ilishuka kutoka mbinguni, lakini miteremko iliyovuliwa miti na nyumba zilizojengwa katika njia za mito zilitokana na mipango ya watu, au na ukosefu wa mipango. Kampeni ilipoanza mwezi Novemba, watu wa Bweremana, waliokuwa jirani wa msiba huo na jirani wa gesi, hawakuwa na kadi ya kupigia kura. Waliahidiwa bila kuombwa chochote, na mtu anayeahidiwa bila kuombwa chochote hana njia ya kudai.

Ahadi zenyewe si ngeni. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inatambua katika kifungu cha 48 haki ya kupata maji ya kunywa na umeme, na katika kifungu cha 53 haki ya kila mtu kuishi katika mazingira salama, pamoja na wajibu wa kuyatetea. Mwaka huohuo Rais Joseph Kabila aliweka maji na umeme kuwa mojawapo ya kazi 5 kuu za mpango wake, na tangu wakati huo hakuna kampeni iliyopita bila umeme kutajwa jukwaani, ilhali hadi leo ni takriban Mkongo 1 kati ya 5 tu anayeupata, katika nchi yenye Mto Kongo na maporomoko ya Inga. Mtazamaji anaweza kuhitimisha kwamba wanasiasa ni waongo, na kuishia hapo. Hitimisho hilo ni rahisi mno, kwa kuwa linaacha bila kuguswa kosa lililo katika namna ahadi yenyewe inavyofahamika.

Kiswahili kina maneno kadhaa ya jambo hili, na kila moja lina uzito wake. Ahadi ni neno ambalo mtu hulitoa kwa mwenzake kuhusu jambo analokusudia kulitenda. Nadhiri ni ahadi ambayo mtu humpa Mungu, na kiapo ni ahadi kati ya watu ambayo Mungu huitwa kuishuhudia. Dhamana ni jukumu ambalo mtu hubebeshwa kwa niaba ya wengine, na ndilo neno ambalo viongozi hupenda kulitumia wanapochaguliwa. Juu ya yote husimama methali ambayo kila mtoto wa Kiswahili ameisikia: ahadi ni deni. Methali hiyo imefanya kazi nzuri kwa vizazi vingi, kwa kuwa inamfunga mwenye nguvu kwa asiye na nguvu, na kumkumbusha kwamba neno likishatoka kinywani lina mwenyewe wa kulidai.

Hata hivyo deni lina sifa 2 zinazolifanya lisitoshe katika suala la ziwa na msitu. Kwanza, deni lina mdai anayejulikana, na mdai huyo anaweza kulisamehe, kulipunguza au kukubali kulipwa kwa kitu kingine. Mgombea anapogawa fulana, chumvi na noti za faranga siku chache kabla ya kura, anachokifanya kwa hakika ni kulipa deni mapema na kwa bei ndogo, na mpiga kura anayepokea huwa amemsamehe sehemu iliyobaki bila kujua. Pili, mkopaji humiliki kile alichokopa, hivyo anaruhusiwa kukitumia apendavyo mradi arudishe thamani yake. Aliyekopa gunia la maharagwe hatakiwi kurudisha punje zilezile. Kama ahadi juu ya msitu wa hifadhi ya Virunga ni deni tu, basi msitu unaweza kuliwa na thamani yake kurudishwa kwa namna ya barabara, mrabaha au hospitali, na hesabu ikahesabiwa kuwa imefungwa.

Amana ni kitu tofauti. Wanazuoni wa fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, walipambanua tangu zamani kati ya mkopo na amana: aliyepokea mkopo hurudisha mfano wake, lakini aliyekabidhiwa amana hurudisha kitu chenyewe, hana ruhusa ya kukitumia kwa faida yake bila idhini ya mwenyewe, na wala hawezi kusamehewa na mtu mwingine asiye mwenye mali. Amana pia huweza kuwa na watu 3, si 2: aliyeiweka, aliyeishika, na yule ambaye imewekwa kwa ajili yake. Mgombea na mpiga kura, wanapozungumza juu ya Ziwa Kivu, si mdaiwa na mdai. Wote wawili ni washikaji wa amana moja, na makubaliano yoyote kati yao ambayo hayamtazami mtu wa tatu yana kasoro tangu mwanzo, hata kama yamefikiwa kwa kura halali na kwa wingi mkubwa.

Dini zinazofuatwa kandokando ya ziwa hilo hazipingani juu ya jambo hili. Kitabu cha Mwanzo kinasema kwamba mtu aliwekwa katika bustani ili ailime na kuitunza, vitenzi viwili vilivyounganishwa, hivi kwamba kulima bila kutunza ni nusu ya agizo. Mambo ya Walawi, sura ya 25, inakataza ardhi kuuzwa moja kwa moja kwa hoja kwamba mwenye ardhi ni Mungu na wanadamu ni wageni wake wanaoishi humo. Kurani, katika sura ya Al-Ahzab, inasimulia kwamba amana ilitolewa kwa mbingu, ardhi na milima, vyote vikaikataa kwa hofu, na mwanadamu akaibeba. Papa Fransisko, katika waraka wake wa Laudato Si' wa mwaka 2015, alijenga juu ya msingi huohuo aliposisitiza kwamba kilio cha ardhi na kilio cha maskini ni kimoja, na alipofika Kinshasa mwishoni mwa Januari 2023, baada ya safari ya Goma kuondolewa katika ratiba, aliwataka walioigeuza nchi hiyo kuwa mgodi wa kuchimbwa waondoe mikono yao.

Inabaki shida ya mtu wa tatu ambaye bado hajazaliwa, na hapa fikra za Kiafrika zina mjadala wao wenyewe. John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, alidai katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa ya Kiafrika kwamba wakati wa Kiafrika una pande kuu 2, alizoziita kwa maneno ya Kiswahili sasa na zamani, na kwamba wakati ujao wa mbali karibu haupo katika fikra hiyo kwa kuwa matukio yake hayajatokea. Kama Mbiti alikuwa sahihi, ahadi ya miaka 30 ijayo haiwezi kuwa na maana vijijini, na siasa ya kula leo ingekuwa na hoja. Wengi walimpinga, akiwamo Mghana Kwame Gyekye. Jibu lililo karibu zaidi na Kivu linapatikana kwa Bénézet Bujo, mwanatheolojia aliyezaliwa Ituri na kufundisha Fribourg nchini Uswisi, ambaye alieleza kwamba jamii ya Kiafrika ina sehemu 3: walio hai, waliokufa, na wasiozaliwa bado, na kwamba uamuzi wa haki hupatikana katika mazungumzo marefu ya wote, yale ambayo watu wa Kivu huyaita barza. Katika barza hiyo asiyezaliwa ana kiti, kwa sababu aliye hai ameipokea ardhi kutoka kwa aliyekufa na hana haki ya kuikatiza njiani. Kwa hiyo hata zamani ya Mbiti, ikifuatwa hadi mwisho wake, inaelekeza mbele, kwa kuwa anayewaheshimu waliomkabidhi hawezi kumdharau atakayekabidhiwa.

Tofauti kati ya deni na amana huonekana wazi katika mwenendo wa serikali yenyewe. Mwezi Novemba 2021, katika mkutano wa mazingira wa Glasgow, Rais Félix Tshisekedi alitia saini makubaliano ya dola milioni 500 za kulinda misitu ya Kongo. Mwezi Julai 2022 serikali yake ilifungua zabuni ya vitalu 27 vya mafuta, baadhi vikigusa Virunga, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925 na kuandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 1979, pamoja na vitalu 3 vya gesi katika Ziwa Kivu. Zabuni ya mafuta ilifutwa Oktoba 2024 kwa kukosa waombaji wa kuridhisha. Kwa mantiki ya deni, matukio hayo hayagongani: msitu una bei, mnunuzi wa kwanza alitoa kiasi fulani, na wa pili angeweza kutoa zaidi. Kwa mantiki ya amana, swali la bei huja mwisho, baada ya swali la nani mwenye kitu na nani ataumia kikipotea.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni zito na linastahili jibu la heshima. Nchi zilizotajirika zilichoma makaa ya mawe na mafuta yao bila kuulizwa juu ya amana, na leo zinamtaka Mkongo asiye na taa alinde mapafu ya dunia. Aidha, mama wa Bweremana au wa Goma anayepuliza makala (mkaa) katika mbabula, yaani jiko la bati, ili maharagwe yanayochukua saa kadhaa kuiva yawe tayari kabla ya giza, hana nafasi ya kuyafikiria majani ya Virunga, ingawa sehemu kubwa ya makala yanayopikiwa Goma imetoka huko kwa miaka mingi. Pingamizi hilo lina ukweli, na ukweli wake ni kwamba mzigo wa amana haukugawanywa sawa. Lakini kutoka hapo haifuati kwamba amana haipo. Inafuata kwamba aliyekula sehemu ya mwenzake anadaiwa, na kwamba kumlaumu mama mwenye mbabula bila kumpa nishati nyingine ni dhuluma iliyovaa joho la uadilifu. Kituo cha umeme wa maji cha Matebe katika teritware ya Rutshuru, kilichozinduliwa Desemba 2015 kikitumia maji yanayotoka upande wa hifadhi, kimeonyesha kwamba msitu uliotunzwa unaweza kuwasha taa za Goma, hivyo kutunza na kupika si lazima viwe maadui.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine: je, amana haimaanishi kutogusa? Ziwa Kivu lenyewe linajibu. Methani iliyoachwa vilindini haiko salama kwa kuachwa, kwa sababu mlipuko wa volkeno katika nchi ambayo Nyiragongo ilibubujika mwaka 2002 na tena mwaka 2021 ni jambo ambalo hakuna mhandisi anayeweza kulipuuza. Upande wa Rwanda mtambo wa KivuWatt, wenye megawati zaidi ya 25, huteremsha mabomba hadi meta 350 hivi. Maji yakianza kupanda gesi hujitenga yenyewe kama povu la soda iliyofunguliwa, kisha maji hurudishwa katika kina kilichopimwa ili matabaka yasivurugike. Upande wa Kongo, tangu mkataba wa mwaka 1975 ulioifanya gesi hiyo kuwa mali ya nchi zote mbili, imebaki kuwa ya kuzungumziwa, ingawa mwanzoni mwa 2023, mwaka wa uchaguzi, yalitangazwa majina ya kampuni zilizopewa vitalu 3. Mfano wa talanta katika Injili ya Mathayo unahusika hapa, kwa kuwa mtumwa aliyelaumiwa ndiye aliyefukia ardhini alichokabidhiwa akidhani kwamba kufukia ni kutunza. Amana ya ziwa hudai kazi, lakini ni kazi ya mtu anayejua kwamba kosa la kina kimoja cha bomba linaweza kulipwa na watu waliolala.

Kutokana na hayo yote inawezekana kutaja kipimo ambacho waumini na wapiga kura wanaweza kukitumia wakati wa kampeni, nacho ni hiki: ahadi juu ya mazingira na nishati ni halali pale tu inapoweza kutamkwa mbele ya yule asiye na kura bila kubadilishwa neno. Mgombea anayesema Kinshasa kwamba gesi ya Kivu italeta mapato, na aseme hivyohivyo Bweremana, akieleza nani atapima Ghuba ya Kabuno, nani atawalipa wavuvi wa sambaza endapo maji yatavurugika, na ni kijiji gani kitakachopata waya wa umeme kwanza. Anayesema atapanda miti Masisi, na aseme ng'ombe na makala ya watu vitaelekezwa wapi. Ahadi isiyoweza kuvuka safari hiyo kutoka jukwaani hadi ufukoni ni bei iliyovalishwa nguo za sera.

Makanisa yana nafasi ya pekee katika jambo hili, kwa kuwa Baraza la Maaskofu Katoliki, CENCO, na Kanisa la Kristo katika Kongo, ECC, yalituma waangalizi wa pamoja katika uchaguzi wa 2023 na watu wengi waliyaamini kuliko tume yenyewe. Uangalizi huo ulihesabu karatasi, kama ilivyopasa. Kazi iliyobaki ni kuziangalia ahadi zenyewe: kuziandika zinapotolewa, kuzisoma ibadani zinapofikia muda wake, na kumkumbusha rais kwamba kwa kifungu cha 74 cha Katiba aliapa mbele ya Mungu na mbele ya taifa. Kiapo hicho hakikusema mbele ya waliopiga kura. Taifa linawajumuisha wa Masisi ambao hawakuandikishwa, na Mungu anayeitwa kushuhudia hakomei kwenye daftari la tume.

Tangu Januari 2025, vita vilipoiteka Minova, kisha Sake, kisha Goma, mtu anaweza kuuliza kama inafaa kuzungumzia ahadi za uchaguzi katika nchi ambayo hata mwenye mamlaka hajulikani kwa hakika. Amana haisubiri amani. Gesi ya Kabuno haijui ni bendera gani inayopepea Sake, miteremko ya Kalehe haitasubiri daftari la wapiga kura ili iporomoke, na yeyote anayetawala ufuko huo, kwa kura au kwa bunduki, ameishika mali ya wengine. Tofauti ni kwamba aliyechaguliwa alitamka kwa kinywa chake kuwa ataitunza, na kwa hiyo watu wa Bweremana, ambao hawakumpigia kura wala hawakupata nafasi ya kumkataa, wana haki ya kumwuliza kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa hawakupokea fulana, hawakusamehe chochote, na kitu chao bado kiko mkononi mwake.